Willie Nelson na kazi ya kuimba wimbo wa mwingine

Mwanamuziki mwenye jina akitangaza kwamba albamu yake ijayo itakuwa na nyimbo za watu wengine tupu, mashabiki huanza kunong'onezana kwamba ameishiwa. Huku kwetu pia bendi inayopiga nyimbo za wenzake hotelini huitwa bendi ya kopi, na wanaoiita hivyo mara nyingi hawakusudii kuisifu. Katika muziki wa country wa Marekani hukumu hiyo ni kali zaidi, kwa sababu wapenzi wake wanaamini kwamba mwimbaji wa country anapaswa kuimba maisha yake mwenyewe: umaskini alioupitia, ndoa iliyomvunjikia, barabara alizozizunguka. Mimi nashikilia kinyume. Kuimba wimbo wa mwingine ni sanaa inayojitegemea, yenye maamuzi yake na vipimo vyake, na albamu ya namna hiyo ndiyo inayotuonyesha kwa uwazi kama mtu ni mwimbaji au siye, maana hana tena upya wa wimbo wa kumsitiri.

Ushahidi wangu mkubwa ni Stardust, albamu ya Willie Nelson iliyotoka Aprili 1978. Nelson, aliyezaliwa Abbott, Texas, mwaka 1933, hakuwa mtu wa kukosa nyimbo. Kabla umma haujamjua kama mwimbaji, Nashville, makao ya biashara ya country, ilikwisha kumjua kama mtunzi: mwaka 1961 Faron Young alishika nafasi ya kwanza kwa Hello Walls, na mwaka huohuo Patsy Cline akarekodi Crazy, wimbo ambao hadi leo haukosekani katika orodha yoyote ya nyimbo bora za country. Zote mbili ni tungo za Nelson. Cha kuzingatia ni kwamba alipokuja kushika nafasi ya kwanza yeye mwenyewe kama mwimbaji, mwaka 1975, alifanya hivyo kwa wimbo asioutunga: Blue Eyes Crying in the Rain, utunzi wa Fred Rose wa miaka ya 1940. Mwaka uliofuata alishiriki na Waylon Jennings, Jessi Colter na Tompall Glaser katika Wanted! The Outlaws, albamu ya kwanza ya country kutunukiwa platinamu, yaani kuuza nakala milioni moja. Alikuwa kileleni, akihesabiwa miongoni mwa waasi waliokataa kuongozwa na Nashville. Ndipo akaiambia kampuni yake, Columbia, kwamba anataka kurekodi nyimbo kumi za zamani, nyingi zikiwa za kati ya 1926 na 1944: Blue Skies ya Irving Berlin, Someone to Watch Over Me ya ndugu wawili Gershwin, September Song ya Kurt Weill, Don't Get Around Much Anymore ya Duke Ellington, na huo wa Hoagy Carmichael ulioipa albamu jina. Wakubwa wa Columbia hawakufurahi. Walitaka aendelee kutunga, na waliona kwamba mashabiki wa waasi hawangenunua nyimbo za wazazi wao. Nelson alikuwa na hoja rahisi: wazee watazitambua, na vijana watazichukulia kuwa nyimbo mpya.

Tazama basi alivyozifanyia kazi, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtayarishaji aliyempa kazi hakuwa mtu wa Nashville. Alikuwa Booker T. Jones, mpiga ogani mweusi wa Memphis aliyejulikana kwa Green Onions ya 1962 na kwa kuwapigia waimbaji wa soul wa kampuni ya Stax. Wawili hao walikuwa majirani kule Malibu, California. Nelson alimwomba ampangie muziki wa Moonlight in Vermont, akaupenda mpangilio huo hata akamkabidhi albamu nzima. Walirekodi Desemba 1977, nyumbani kwa mwimbaji Emmylou Harris kusini mwa California, kwa mitambo iliyofungwa ndani ya lori, na kazi ikaisha kwa siku kumi hivi. Nyimbo hizi zilikuwa zimezoeleka zikiwa zimevalishwa okestra nzima, tarumbeta na fidla kwa makumi. Booker T. akazivua. Akaweka mbele gita kuukuu la Nelson la nyuzi za nailoni, harmonika ya Mickey Raphael, piano ya Bobbie Nelson, dada yake Willie, ogani yake mwenyewe, na mdundo wa chini usiojitutumua. Kumwondolea mwimbaji kelele za kumfunika ni uamuzi wa hatari, kwani kila pumzi inasikika. Sauti ya Nelson si kubwa wala si nyororo. Nguvu yake iko katika muda: huchelewa nyuma ya mapigo, msikilizaji akidhani amepotea, kisha huyawahi maneno mawili matatu na kutua palepale panapotakiwa. Kwa njia hiyo wimbo uliokuwa wa jukwaani unageuka maneno ya mtu anayezungumza na mwenziwe mezani, na maana yake inabadilika ingawa hakuna neno lililobadilishwa.

Huo wa Moonlight in Vermont unastahili kusikilizwa peke yake na kila mpenzi wa ushairi wa Kiswahili. Ni wimbo maarufu ambao mistari yake haina vina. Kwa masikio yaliyolelewa na vina vya kati na vya mwisho, jambo hilo lingetosha kuuangusha, maana mwimbaji hana sauti inayofanana ya kumwashiria msikilizaji kwamba mstari umefungwa. Nelson anaifunga mistari kwa namna nyingine: anaikata mapema, ananyamaza, anaiacha harmonika ijibu. Kimya chake kinafanya kazi ya kina. Mtunzi hakukiandika kimya hicho popote. Ni cha mwimbaji, naye ndiye anayestahili kusifiwa kwacho.

Ushujaa mkubwa zaidi ulikuwa kuugusa Georgia on My Mind. Carmichael aliutunga mwaka 1930, lakini tangu Ray Charles alipourekodi mwaka 1960 na kufika nao nafasi ya kwanza Marekani nzima, watu wengi waliuona ni mali yake. Charles anauimba kwa kilio, kwaya na fidla zikimbeba. Kushindana naye kwa nguvu kungekuwa kujitia aibu, na Nelson hakushindana. Aliushusha, akauimba kama mtu aliyekwisha kulia zamani na sasa anakumbuka tu. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya country na kumpa tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa country. Albamu yenyewe ilikaa kwenye chati ya country karibu miaka 10, na nakala zaidi ya milioni 5 zimeuzwa Marekani. Sizitaji takwimu hizi kana kwamba mauzo ni kipimo cha sanaa. Nazitaja kwa sababu zinajibu dai la kampuni kwamba hakuna atakayeutaka wimbo aliokwisha kuusikia kwa sauti ya mwingine. Ray Charles mwenyewe hakuona kwamba ameporwa. Baadaye aliimba na Nelson Seven Spanish Angels, ukashika nafasi ya kwanza ya country mwaka 1985, na hapo pia wimbo ulitungwa na watu wengine.

Watu wa country watasema: yote sawa, lakini muziki wetu ni wa ukweli, na ukweli haukopwi. Nawajibu kwa historia yao wenyewe. Mwaka 1927, Ralph Peer alipokwenda Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, kurekodi waimbaji wa milimani, miongoni mwa waliokuja ni familia ya Carter, na hazina yao kubwa ilikuwa nyimbo ambazo A.P. Carter alizikusanya nyumba kwa nyumba na kuzipanga upya. Hank Williams, ambaye wengi humtaja kama mfano wa mwimbaji aliyeimba majeraha yake, alishika nafasi ya kwanza kwenye chati kwa mara ya kwanza mwaka 1949 kwa Lovesick Blues, wimbo wa biashara wa mwaka 1922 uliotungwa na Cliff Friend na Irving Mills. Ndio uliomfungulia mlango wa Grand Ole Opry, onyesho maarufu la redio la Nashville, ambako umati ulimrudisha jukwaani tena na tena. Hakuna aliyemwambia kwamba maumivu yale si yake. Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Katika taarab, mwandishi wa shairi, mtia mahadhi na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu tofauti, na anayetunzwa jukwaani ni mwimbaji, kwa sababu yeye ndiye aliyelipeleka shairi moyoni mwa mtu. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad miaka mingi baada ya Siti kufariki mwaka 1950, na aliyemsikia hakusema anasikia kopi.

Kuna pingamizi nyingine ambayo siwezi kuikataa yote: kwamba albamu nyingi za aina hii ni za uvivu. Ni kweli. Kampuni hupenda wimbo uliokwisha kuthibitika sokoni, na mwimbaji aliyechoka huona ni njia ya mkato. Ila uvivu huo una dalili zake, na mtu anaweza kujifunza kuzitambua. Martina McBride, mwenye sauti iliyo miongoni mwa sauti kubwa kuliko zote za kizazi chake, alitoa Timeless mwaka 2005, albamu ya nyimbo za country za zamani zilizopigwa kwa uaminifu mkubwa kwa namna zilivyosikika mwanzo. Sithubutu kumwita mvivu, kwa kuwa kazi ile ilitaka ufundi mwingi, na iliuzwa vizuri. Lakini heshima ikizidi, mwimbaji hutoweka. Baada ya wimbo wa tatu natamani kurudi kwa wenyewe. Linganisha na Johnny Cash alivyouchukua Hurt wa Trent Reznor mwaka 2002. Wimbo ulitoka mwaka 1994 kwenye albamu ya kundi lake la Nine Inch Nails, ukiwa sauti ya kijana anayejiangamiza. Cash alikuwa na miaka 70, mgonjwa, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Maneno karibu yote ni yaleyale, hasa kwa gita na piano, lakini anayeyasema ameshayamaliza maisha ambayo kijana yule anayahofia. Reznor mwenyewe alikiri, baada ya kuiona video yake, kwamba wimbo umekuwa wa mtu mwingine. Kipimo changu kwa albamu yoyote ya namna hii kinatoka hapo: je, kuna jambo ndani ya wimbo ambalo lisingesikika kama mtu huyu asingeuimba?

Linabaki suala la haki, nalo ni zito kuliko yote, kwa sababu muziki wa Marekani una kurasa chafu za watu weupe kutajirika kwa nyimbo za watu weusi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, iliyopitishwa wakati wa hofu kwamba kampuni moja ingehodhi nyimbo za piano za kujipiga zenyewe, iliweka utaratibu unaotumika hadi leo: wimbo ukishatolewa kwa umma kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuurekodi bila kumwomba ruhusa, mradi alipe mirabaha kwa kiwango kilichowekwa kisheria. Anaruhusiwa kuupanga upya kwa mtindo wake, lakini si kuubadili mahadhi yake ya msingi. Zaidi ya hapo, redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na hazimlipi mwimbaji. Kwa hiyo wimbo ukirudiwa, mtunzi aliyesajiliwa ndiye anayenufaika kila unapochezwa. Dolly Parton alilijua hilo alipokataa kumpa Elvis Presley wimbo wake I Will Always Love You, kwa kuwa meneja wa Elvis alitaka nusu ya haki za uchapishaji. Whitney Houston alipourekodi mwaka 1992, haki zote zilikuwa bado mikononi mwa Dolly. Mwaka 2023, mwimbaji wa country Luke Combs alipouimba Fast Car wa Tracy Chapman wa mwaka 1988, Chapman akawa mtunzi mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Wimbo wa Mwaka ya CMA, chama cha muziki wa country cha Marekani. Lakini angalia neno nililolitumia: mtunzi aliyesajiliwa. A.P. Carter alipozunguka kukusanya nyimbo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gita mweusi aliyezihifadhi kichwani sauti za nyimbo huku Carter akiandika maneno. Haki ziliandikwa kwa jina la Carter. Hapo palikuwa na dhuluma, na dhuluma hiyo haikutokana na kurudia wimbo. Ilitokana na jina kutoandikwa.

Ndiyo maana nina ombi kwa watangazaji wa vipindi vya country, hasa Kenya, ambako Jim Reeves na Kenny Rogers wana wapenzi wengi tangu zamani, na kwa wenzao wa zilipendwa pia. Mnapocheza wimbo, tajeni majina mawili, la aliyeimba na la aliyetunga. Mkicheza The Gambler wa Kenny Rogers, waambieni wasikilizaji kwamba uliandikwa na Don Schlitz, na kwamba Bobby Bare aliurekodi kabla ya Rogers. Kisha wachezeeni zote mbili, waamue wenyewe Rogers aliongeza nini.