Maneno ya Ukoo Mmoja: Kutoka Bandari ya Kale hadi Kamusi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Mombasa anapokutana na neno “monsoon” katika somo la jiografia, hulikariri kama neno gumu la wageni. Ni nadra kuambiwa kwamba neno hilo ni ndugu wa “msimu”, neno alilolijua kabla hajaanza shule. Yote mawili yametokana na “mawsim” la Kiarabu, yaani wakati maalumu wa mwaka, na mzizi wake una maana ya kutia alama. Watu wa pwani walilipata kwa mabaharia waliokuja na kaskazi wakarejea na kusi. Wareno, waliofika Mombasa na Vasco da Gama Aprili 1498, nao walilitumia katika safari zao za Bahari ya Hindi wakalitamka “monção”. Kutoka kwao likapita kwa Waholanzi na Waingereza, hadi likaingia katika vitabu tunavyosomea leo.

Kisa hiki si cha neno moja tu. Kiingereza kina maneno mengi yaliyotoka katika mizizi ileile ya Kiarabu iliyolisha Kiswahili, na anayezungumza Kiswahili huwa tayari anajua nusu ya maana yake. Inambidi tu ajue namna ya kuutambua mzizi.

Mzizi wa Kibantu hubaki karibu mzima, nao huongezewa viambishi mbele na nyuma. Kutokana na “pika” tunapata mpishi, mapishi, upishi na pikia. Mzizi wa Kiarabu hufanya kazi kwa njia nyingine. Aghalabu huwa ni konsonanti tatu, na irabu zinazoingia kati yake ndizo zinazobadilisha maana. Chukua k-t-b, mzizi wa kuandika: unapata kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba. Chukua h-k-m: unapata hukumu, hakimu, mahakama na hekima. Ukoo huu wa pili una funzo lake, kwa kuwa lugha yenyewe imemweka anayetoa hukumu karibu na hekima.

Sasa twende Bandari ya Kale, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, mahali majahazi yalipokuwa yakitia nanga kabla ya Kilindini kuwa bandari kuu. Msamiati wa biashara ya bahari bado uko hai katika vinywa vya watu wa hapa. Mzigo ulipitia forodhani na kulipiwa ushuru. “Ushuru” unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu moja la kumi, kiwango cha kale cha kodi hiyo. Mzizi huohuo ndio uliotupa “ishirini”. Kwa hesabu ya kumi tulibaki na neno letu la Kibantu, lakini kumi la Kiarabu limeendelea kuishi ndani ya ishirini na ndani ya ushuru, bila wengi wetu kulitambua.

Orodha ya viwango vya ushuru Waingereza huiita “tariff”. Neno hilo lilitoka kwa wafanyabiashara Waarabu wa Mediterania, likaingia Kiitaliano kama “tariffa”, kisha likafika Uingereza. Asili yake ni kujulisha: mwenye mali ajue atalipa nini. Kiswahili kilichukua neno hilohilo kikapata “taarifa”, na kutoka mzizi huo tunayo pia maarifa, maarufu na arifu. Kwa hiyo gazeti linapoandika taarifa kuhusu “tariff” mpya, limetumia ndugu wawili katika sentensi moja. Mmoja alibaki na maana pana ya kujulisha, mwingine akabanwa kwenye bei na kodi.

Mzigo ukishalipiwa huhifadhiwa, na hapo tunakutana na “magazine”. Chanzo chake ni “makhazin”, maghala, kutoka mzizi wa kuweka akiba. Kupitia Kiitaliano na Kifaransa liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, miaka ambayo Wareno walikuwa wakijenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyoanzwa mwaka 1593. Mwanzoni lilimaanisha ghala tu, hasa ghala la baruti na silaha, na ndiyo sababu chombo cha risasi katika bunduki huitwa hivyo hadi leo. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha London jarida aliloliita The Gentleman's Magazine, kwa maana ya ghala la maandishi, na maana hiyo ya jarida ikaenea duniani. Ndugu yake kwetu ni “hazina”. Mhazini wa chama cha akiba, Hazina ya Kitaifa jijini Nairobi, jarida la mitindo na sanduku la risasi vyote vinarudi kwenye wazo moja la kuweka kitu salama kwa matumizi ya baadaye.

Mashabiki wa kandanda nao wamo. Klabu ya Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, na jina la kiwanda ndilo lililokuwa la klabu. Kiingereza kililipata neno hilo kutoka Venisi, mji wa Italia uliokuwa na karakana kubwa ya merikebu, na asili yake kwa Kiarabu ni nyumba ya utengenezaji. Mzizi wa kutengeneza ndio uliotupa sanaa na msanii. Neno “admiral”, mkuu wa wanamaji, lina ndani yake “amir”, mwenye kuamuru, kama ilivyo katika amri na Amiri Jeshi Mkuu. Na “syrup” pamoja na “sherbet” ni ndugu wa sharubati, kwa kuwa yote yanatokana na mzizi wa kunywa. Hata masharubu yamo katika ukoo huo: kwa Kiarabu “sharib” ni mnywaji, na pia ni nywele zinazoota juu ya mdomo.

Hata hivyo, kufanana si undugu. Kiarabu kina sauti ambazo Kiswahili hakikuzihifadhi zote, na sauti mbili zikigeuka moja, koo mbili huonekana kama ukoo mmoja. Chukua Msikiti wa Mandhry, uliojengwa takriban mwaka 1570 na ungali ukiswaliwa. Siku ya Ijumaa khatibu hupanda mimbari. Kamati ya msikiti, kama kamati yoyote, huwa na katibu wake. Maneno haya mawili yanakaribiana sana kwa sauti, lakini katibu anatoka kwenye kuandika, ilhali khatibu anatoka kwenye kuhutubia, na ndugu yake ni hotuba. Vivyo hivyo kwa tahadhari na hudhuria: “dh” ya kwanza na “dh” ya pili ni herufi mbili tofauti za Kiarabu, na mizizi yake haihusiani.

Tena si kila neno la kale la Mombasa ni la Kiarabu. Anayetafuta konsonanti tatu za “gereza” atachoka bure, kwa sababu neno hilo linatokana na “igreja” la Kireno, yaani kanisa. Ndani ya Fort Jesus palikuwa na kanisa, na ngome hiyohiyo Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukoo wake katika Kiingereza basi hautafutwi bandarini kwa Waarabu. Uko katika “ecclesiastical”, neno la mambo ya kanisa, kwa kuwa hilo na “igreja” yote yametoka katika Kiyunani.

Kwa hiyo mwenye kutafuta undugu wa maneno aulize maswali matatu. Je, konsonanti zinalingana baada ya kuondoa irabu na viambishi? Je, kuna wazo moja linaloziunganisha maana zote? Na je, inajulikana neno lilipitia wapi, kwa nani, karne gani? Swali la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo linalotenganisha elimu na kubahatisha. Kamusi nzuri huonyesha asili ya neno, na msomaji azoee kuisoma sehemu hiyo.

Shuleni tunafundisha Kiswahili saa moja na Kiingereza saa nyingine, kana kwamba lugha hizi hazijawahi kukutana kabla ya Waingereza kuja kututawala. Nawaomba walimu wa lugha zote mbili wakae pamoja na kuandaa angalau orodha fupi ya maneno ya ukoo mmoja: msimu, taarifa, hazina, sanaa, amri, sharubati. Mtoto wa pwani akijifunza kwamba lugha ya mabibi zake ilichota kisima kimoja na Kiingereza, ataacha kuiona kama lugha ya nyumbani tu. Ataitumia kujifunzia nyingine, na hiyo ni haki yake.