Mwanaharakati wa Mtandaoni, Omba Rekodi Kwanza

Vijana wa wadi ya Mautuma wanaotetea maslahi ya wananchi mtandaoni wana haki ya kufanya hivyo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza. Hata hivyo, hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Picha ya barabara mbovu huonyesha mashimo, lakini haisemi mwanakandarasi alilipwa pesa ngapi. Rekodi ndizo husema. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuziomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, katika ofisi inayosimamia mradi. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala.

Ofisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, una siku 30 kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman, ichunguze uamuzi huo.

Weka nakala ya barua yako ikiwa na muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Ukichapisha ukiwa na rekodi mkononi, utakayemuuliza hataweza kusema ni uvumi tu.