Nani Anaosha Vyombo Nyumbani kwa Wauaji?

Miswada mingi ya hadithi za kutisha yenye familia ya wauaji ina kasoro moja: kila aliyemo nyumbani ana wazimu wa namna moja. Baba anacheka kicheko cha mwanawe, bibi ananoa kisu, mtoto anachezea fuvu, na hakuna anayekwenda dukani. Hapo mwandishi hajaumba familia. Kamwumba muuaji mmoja, kisha akamgawia majina manne.

Dawa yake naiona katika The Texas Chain Saw Massacre, filamu ya mwaka 1974 iliyoongozwa na Tobe Hooper na kuandikwa naye pamoja na Kim Henkel. Wengi wanaikumbuka kwa msumeno. Mimi naikumbuka kwa mlango. Mkubwa wa nyumba, mpishi anayeuza nyama ya kuchoma kwenye kituo cha mafuta, anarejea usiku akiwa na mateka ndani ya gunia. Kinachompandisha hasira ni mlango uliochanwachanwa kwa msumeno. Anafoka kama mzee yeyote anayejua kwamba gharama ya fundi itamwangukia yeye. Mtazamaji anashtuka kwa sababu kufoka huko amekusikia kwao, pengine juzi tu.

Tazama pia jinsi kazi zilivyogawanywa. Mmoja anapika na kuuza. Mwingine anazurura barabarani na kufukua makaburi, na kwa hilo anachapwa fimbo, maana anavuta macho ya watu. Leatherface, lile jitu linalovaa barakoa za ngozi ya binadamu, ndiye mchinjaji, lakini mbele ya mkubwa wake ananywea kama mtoto aliyevunja sahani. Nyumba haina mwanamke aliye hai, basi yeye anaziba pengo: jikoni anafunga aproni na kuvaa sura ya bikizee, na wakati wa chakula anavaa sura iliyopakwa rangi kama bibi anayepokea wageni. Hakuna anayetueleza sababu, na wala haihitajiki.

Kisha yupo babu. Enzi zake alikuwa bingwa wa nyundo machinjioni, na heshima hiyo haijafutika. Wajukuu wanambeba na kiti chake hadi mezani, wanamshikisha nyundo ili mateka afe kwa mkono wa mzee, nayo inamponyoka, tena na tena, huku wakimtia moyo. Kwa maoni yangu hakuna tukio la kutisha zaidi katika filamu nzima, na linatokana na adabu kwa wazee.

Chanzo cha uovu wao kinapitiwa harakaharaka. Mapema, ndani ya gari, yule kijana mzururaji anasema wao ni watu wa machinjioni tangu zamani, nyundo ilikuwa bora, na mashine mpya imewanyima watu kazi. Baada ya hapo anayetaka kujua zaidi atajijazia mwenyewe. Mwaka 2006 ilitoka filamu nyingine iliyorudi nyuma kutuonyesha hadi kuzaliwa kwa Leatherface, na kwangu alipungua kimo papo hapo.

Anayedhani mgawanyo huu wa kazi ni ubunifu wa sinema asome habari za akina Bender wa jimbo la Kansas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Walikuwa wanne: mzee, mkewe, kijana wa kiume na msichana aitwaye Kate. Waliendesha kijumba cha wageni kilichogawanywa kwa turubai, huku upande wa mbele kukiwa na duka na meza ya chakula. Kate, aliyejitangaza kuwa mganga, ndiye aliyekuwa uso wa nyumba. Inaaminika kwamba mgeni aliketishwa akiipa turubai mgongo, na nyundo ikamfikia kutokea nyuma yake. Walikosea walipomuua daktari William York, ambaye nduguye alikuwa seneta wa jimbo na hakuacha kumtafuta. Wakatoroka, na aliyegutusha watu ni jirani aliyeona mifugo yao haijalishwa. Maiti zilifukuliwa bustanini Mei 1873. Hata undugu wa wanne hao umetiliwa shaka, jambo ambalo mwandishi angelitumia vizuri: wageni walidhani wamefika kwa watu wenye familia, wakala bila wasiwasi.

Kwa mwandishi, linalobaki ni uongo ambao kila mmoja wa familia anajiambia ili apate usingizi. Yule mpishi wa Hooper anashikilia kwamba kuua hakumpi raha yoyote. Anamtuliza mateka kwa maneno ya upole, kisha anamchokoa kwa kijiti akichekacheka. Mezani yule mzururaji anamuumbua mpishi: wewe ni mpishi tu, kazi yote tunafanya sisi wawili. Wanaendelea kubishana nani anabeba mzigo mkubwa zaidi, na mgeni aliyefungwa kitini anasikia kila neno.