Sinia Moja, Mikono Minne: Kupunguza Uzito Garissa

Katika nyumba nyingi za Garissa, chakula cha mchana hakipakuliwi kwa sahani ya mtu mmoja mmoja. Huletwa sinia: wali uliopikwa kwa supu ya mbuzi na samli, nyama juu yake, ndizi mbivu pembeni, na mikono minne au sita ikikutana katikati. Kijana aliyeamua kupunguza uzito hukutana hapo na tatizo ambalo vijitabu vingi vya lishe havilitaji. Hawezi kupima wali wake, maana wali si wake. Akiutoa mkono mapema, hooyo (mama, kwa Kisomali) atauliza kama chumvi ilizidi. Akifanya hivyo siku ya pili, habaryar, yaani mama mdogo, atampigia simu: "Abaayo, dada, nasikia huli. Unaumwa?"

Swali hilo halitoki kwenye uchokozi. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iliko Garissa, ni eneo ambalo wembamba umekuwa dalili ya ukame, ya kifua kikuu, ya mifugo iliyokufa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na wodi za watoto wenye utapiamlo zikajaa. Mama aliyeyaona hayo akimwona bintiye anakonda kwa hiari, ana haki ya kushtuka. Mtaalamu wa afya anayemwambia binti huyo "punguza chakula" bila kuzungumza na wenzake wa sinia anamwachia kazi asiyoiweza.

Hata hivyo tatizo la uzito lipo, na linakua nchini kote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia: wanawake asilimia 38.5, wanaume asilimia 17.5. Uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulipata takriban asilimia 45 kwa wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49. Katika kaunti za wafugaji hali ina sura mbili, kwa sababu njaa na unene huishi katika kaunti moja, na mara nyingine katika ukoo mmoja: binamu wa malishoni amekonda kwa kukosa, binamu wa mjini ameongezeka kwa kukaa.

Maisha ya mjini ndiyo yaliyobadilisha hesabu. Mfugaji alitembea kutwa nyuma ya ngamia na kushiba maziwa. Mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Garissa au kuuza nguo Soko Mugdi hupanda tuktuk, hushinda ameketi, na hula vyakula vilivyoletwa na maduka: mchele, pasta, unga wa ngano, mafuta ya kupikia na sukari. Joto nalo, ambalo mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, humzuia mtu kutembea kwa miguu saa za kazi. Kwa wasichana kuna kingine, uzazi wa mapema. Zile siku 40 za afartanbah, baada ya kujifungua, mzazi hulishwa supu, nyama, samli na uji mtamu, asinyanyue kitu. Ni desturi yenye huruma kubwa, na hakuna sababu ya kuivunja. Shida huanza siku ya 41, pale mapishi ya uzazi yanapoendelea kwa mwaka mzima, na mimba nyingine ikaingia kabla mwili haujarudi.

Kijana atajuaje kama anahitaji kupungua? Kioo hakitoshi, na maneno ya watu hayatoshi. Wataalamu hugawanya uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu la 25 na kuendelea ni uzito uliozidi; 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Msichana wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anafika 30. Kipimo cha pili ni utepe wa fundi cherehani kiunoni: kwa mwanamke, kuvuka sentimita 80 ni dalili ya hatari kuanza kupanda, kwa mwanamume, 94. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayosumbua zaidi ini, shinikizo la damu na sukari.

Habari njema ni kwamba mwili haudai kupungua sana ili upone. Jaribio kubwa la Marekani kuhusu kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002, liliwapa watu waliokaribia kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa dawa. Kwa yule msichana wa kilo 77, asilimia 7 ni chini ya kilo 6. Hatakuwa mwembamba. Nguo zake zitamtosha vilevile, pengine kwa ulegevu kidogo, na habaryar hatakuwa na la kusema.

Pa kuanzia Garissa ni chai. Shaah ya maziwa hunywewa asubuhi, saa nne, baada ya chakula, alasiri na usiku, na kijiko cha sukari kina takriban gramu 4. Anayekunywa vikombe 5 vyenye vijiko 3 kila kimoja anameza gramu 60 za sukari kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 50 hivi, bora zaidi zikiwa chini ya 25. Akishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, anaondoa kalori 160 kila siku bila kugusa sinia. Hesabu ya haraka ingemwahidi zaidi ya kilo 7 kwa mwaka. Mwili hautii hesabu hiyo. Kadiri unavyopungua ndivyo unavyotumia nguvu kidogo, na matarajio ya kweli ni kilo 3 hivi katika mwaka wa kwanza. Bado ni nusu ya safari yote, kwa kijiko tu.

Soda ni ndugu wa hiyo chai. Chupa ya nusu lita ina gramu zaidi ya 50 za sukari, sawa na kalori 200 na ushei, na nusu saa ya kutembea kwa haraka haitoshi kuzifuta. Vijana wa kiume wanaokaa kwenye miraa hadi usiku wa manane hukosa hamu ya kula, wakaamini hawanenepi, ilhali soda na chai tamu za kikao hicho zina kalori za mlo mzima, na usingizi uliokosekana huongeza njaa kesho yake.

Lakini kujua haya peke yake hakujawahi kumpunguza mtu. Hapa ndipo marafiki wanapoingia, na ushahidi wake una umri sasa. Mwaka 1961 Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, aliyekuwa na kilo 97 hivi, alikuwa akipewa ushauri mzuri katika kliniki ya jiji na bado akila biskuti kwa siri. Aliwaita marafiki 6 sebuleni kwake akawaambia ukweli. Wakakubaliana kukutana kila wiki. Kutoka sebule ile ilizaliwa mwaka 1963 kampuni ya Weight Watchers. Chakula walichoelekezwa kilikuwa kilekile cha kliniki; kilichobadilika ni kwamba siri ilipata pa kusemwa.

Watafiti Rena Wing na Robert Jeffery walilipima jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Waliwaingiza watu katika mpango wa miezi 4, wengine wakija peke yao, wengine wakija na marafiki watatu na kufundishwa kusaidiana. Miezi 6 baada ya mpango kwisha, waliokuja peke yao ambao hawakuurudisha uzito hata kidogo walikuwa asilimia 24. Kwa waliokuja na wenzao wakasaidiana, asilimia 66. Ni tofauti kubwa mno.

Sababu moja imo ndani ya mwili wenyewe. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 waliopungua kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado juu na zile zinazoleta shibe bado chini. Mtu aliyepungua basi ana njaa halisi, si uvivu wala imani dhaifu, na njaa hiyo hudumu kuliko ari ya mwanzo. Anahitaji watu watakaokuwa naye mwezi wa nane, siku ambayo hakuna tena anayemsifu.

Garissa haina haja ya kuagiza mfumo kutoka New York. Tayari ina ayuto. Wanawake na wasichana hukutana kila wiki au kila mwezi, kila mmoja akitoa fungu lake la pesa, mmoja akibeba jumla, na anayekosa bila udhuru huulizwa. Kikundi kama hicho kina kila kitu ambacho tafiti zile zilitafuta: idadi ndogo, kuaminiana, ratiba isiyobadilika, aibu kidogo ya kuvunja ahadi. Tuseme wasichana wanne wa ayuto moja wanakubaliana mambo mawili tu: sukari ya kikao chao iwe kijiko kimoja, na kabla ya kuhesabu pesa watembee dakika 30. Baada ya mwezi wanaongeza la tatu, kwamba upande mmoja wa sinia uwe mboga. Nyanya, vitunguu, sukumawiki, tikitimaji na mapapai hulimwa kando ya mto Tana na kufika sokoni, lakini katika uchunguzi ule wa 2015 asilimia 94 ya Wakenya hawakuwa wakifikisha kiwango cha matunda na mboga kinachoshauriwa kwa siku. Mboga zikichukua robo ya sinia, wali unapungua kwa wote na hakuna anayeonekana kususa. Maziwa ya ngamia yasiyotiwa sukari yabaki. Hayo ni hazina.

Suala la kutembea linahitaji adabu ya mahali. Baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, au kati ya alasiri na magharibi, barabara hupitika na hewa huvumilika. Wasichana wanne wakiwa pamoja hawaulizwi maswali anayoulizwa mmoja. Mavazi nayo si kizuizi kama inavyodhaniwa. FIFA iliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014. Huko Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003 akitumia soka kupatanisha vijana wa jamii zilizopigana, kisha akawaingiza wasichana mchezoni, wazazi na wazee wakishirikishwa. Huko Minneapolis, Marekani, wanakoishi Wasomali wengi wa ughaibuni, wasichana wa mtaa wa Cedar-Riverside walishirikiana na Chuo Kikuu cha Minnesota kubuni sare za michezo zenye stara, na mwaka 2015 wakazizindua wenyewe. Kote huko wasichana waliingia kama kundi, na heshima ya kundi ikamlinda kila mmoja.

Kundi pia linaweza kudhuru, na hili lisemwe wazi. Mashindano ya nani kapungua zaidi huwasukuma wengine kufunga kula siku nzima au kumeza dawa za kuharisha. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayepoteza kilo 5 katika wiki moja amepoteza maji zaidi ya mafuta. Uzito usisomwe kwa sauti mbele ya wote kama mwenyewe hataki. Mjamzito hatakiwi kujipunguza. Anayenyonyesha aondoe soda na atembee, lakini asijinyime mlo. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kwanza, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla. Vidonge vinavyouzwa dukani bila karatasi ya daktari, vya kukondesha na hata vile vya kunenepesha vyenye dexamethasone, viachwe kabisa: dexamethasone hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari kwa maisha.

Vipimo vya mwanzo havihitaji safari ya Nairobi. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, mikoba yenye mizani, kipima shinikizo la damu na kipima sukari. Kikundi kinaweza kumwalika mhudumu wa kijiji siku ya ayuto, akapima wote kwa nusu saa, na mwenye shinikizo la kupanda akaelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti.

Mtihani mkubwa wa mwaka ni Ramadhani. Wengi hutarajia kupungua, wakamaliza mwezi wakiwa wameongezeka, kwa sababu afur, yaani futari, huja na sambusa, mikate ya kukaanga na juisi zilizotiwa sukari, kisha wali usiku wa manane. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori 120, na sambusa hunywa mafuta. Wanachama wa ayuto wanaweza kuafikiana mapema: tende na maji kwanza, supu, sambusa mbili badala ya sinia zima, na kutembea pamoja kwenda tarawehe kwa miguu badala ya tuktuk. Mizani ipumzike mwezi huo, maana maji ya mwili hupanda na kushuka kila siku. Kupima mara moja kabla mwezi haujaandama, na mara ya pili wiki moja baada ya Idi, kunatosha.