Nani Anamlea Mtoto Wetu Baada ya Magharibi?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wazazi, nianze na lililotokea ndani ya nyumba yangu. Jioni moja binti yangu wa miaka sita alikuwa akicheza vikombe na dada yake ukumbini. Akamimina maji, akampa mwenzake, kisha akageuza uso pembeni na kunong'ona kwa sauti ya mtu mzima kabisa: "Kunywa, leo ndiyo mwisho wako." Sote tukacheka. Mama yake akamwambia arudie, na mimi nikatoa simu nimrekodi.

Usiku ndipo nilipojiuliza maneno yale kayapata wapi. Chuoni hawayafundishi, wala bibi yake hasemi hivyo. Kayapata katika tamthilia tunayoiangalia nyumba nzima baada ya Isha, ambamo mkwe humtilia sumu mke wa mwanawe. Na sisi, kwa kicheko chetu, tulikuwa tumempa zawadi.

Hili la zawadi si dogo. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwajaribu watoto 72 wa umri wa skuli ya maandalizi. Baadhi yao walimwona mtu mzima akilipiga na kulitolea maneno makali sanamu la kupuliza kwa upepo. Walipopewa nafasi ya kucheza nalo, wengi walifanya vile vile, hata maneno yakawa yale yale. Miaka miwili baadaye alionesha kwamba kuona tendo hilo katika filamu nako kunamfanya mtoto aige. Kisha, mwaka 1965, akaonesha kuwa mtoto akimwona mtendaji anaadhibiwa huwa haigi sana kama anapomwona anasifiwa. Wapo waliosema kuwa kupiga sanamu si sawa na kupiga mtu, na hoja yao ina uzito. Lakini kwamba mtoto huangalia nani anashinda, hilo mzazi yeyote analijua.

Sasa zipimeni tamthilia zetu, za Kituruki, za Kihindi, hata za kwetu wenyewe. Muongo hushinda kwa miezi kadhaa: ana nyumba nzuri, nguo nzuri, kila mtu anamwogopa. Adhabu humfika siku ya mwisho kabisa, na siku hiyo mtoto huenda amelala. Sisi wazazi hungojea tuone picha ya uchi ndipo tukimbilie rimoti, tukadhani tumemlinda. Lakini maadili hayaingii kwa tukio moja la aibu. Huingia polepole, kwa kumwona kila siku nani anachekwa na nani anatukuzwa. Mtoto akizoea kuwa mtumishi wa ndani ndiye anayesimangwa na watu wakacheka, kesho atamsimanga msichana wetu wa kazi, na hatajua kuwa kakosa.

Televisheni si jambo geni visiwani. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Tofauti ni kwamba zamani seti moja ilitosha mtaa mzima. Watoto walijazana chini, watu wazima wakawa nyuma yao, na likitokea la ovyo palikuwa na mzee wa kukohoa. Leo mtoto ana simu mkononi, yuko peke yake chini ya shuka, na YouTube inamchagulia yenyewe video inayofuata. Haichagui kwa kumfaa, huchagua kwa kumfanya asiondoke. Hata ile programu yake ya watoto, iliyoanza mwaka 2015, haikusalimika: mwaka 2017 ilibainika kuwa zilipenya video zenye vibonzo wanavyovipenda watoto, ndani yake mna vitisho na machafu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi na wazazi wake ndio wanaomgeuza. Na katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, waumini tumeamrishwa kuziokoa nafsi zetu pamoja na ahali zetu na Moto. Amri hiyo ni yetu, hatuwezi kuikabidhi kwa king'amuzi.

Wengine husema: basi tuuze televisheni, tuvunje simu. Anayeweza na afanye. Lakini tazameni mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Katika Hija ya Kuaga, kijana Fadhl bin Abbas alikuwa amepanda nyuma yake, akawa anamtazama mwanamke aliyekuja kuuliza suala. Mtume akaugeuza uso wa kijana upande mwingine, na suala la mwanamke akalijibu. Huyo huyo Mtume alimwachia Bibi Aisha (R.A.) aangalie Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini. Kwa hiyo yapo ya kugeuzwa uso, na yapo ya kuachiwa, na mkono wa mlezi uko karibu katika yote mawili.

Ukaribu huo ndio tulioupoteza. Baba yuko barazani, mama yuko jikoni, na mtoto kapewa simu anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. TikTok yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13, lakini ni sisi tunaowadanganyia watoto umri wao, kisha tunawakataza uongo.

Usiku simu zote zilale chumbani kwa wazazi, ya baba ikiwemo. Muda wa baina ya Magharibi na Isha urejee kwenye juzuu na hadithi za bibi. Na pale mnapoangalia, angalieni pamoja na mumuulize: kwa nini amedanganya? Nani kaumia?

Mimi nilimuuliza binti yangu: yule aliyekunywa sumu, nani atamlilia? Akanyamaza, kisha akasema, "Mama yake." Siku ya pili akamimina tena maji, safari hii ikawa dawa ya homa. Tamthilia tumeiacha. Simu ya mama yake bado ni mtihani, hasa wakati wa kupika futari.

Wallaahu a'lam.