Bunia: Jinsi ya kutengua badiliko moja la hifadhidata bila kupoteza rekodi za wagonjwa

Safu moja ikifutwa kimakosa katika hifadhidata ya zahanati, kinachopotea huenda kikawa tarehe ya chanjo ya mtoto, au namba ya simu ya mama anayetakiwa kurudi kliniki. Kwa hiyo kutengua badiliko moja la muundo wa hifadhidata bila kugusa mengine ni jambo linalowahusu pia wauguzi na wagonjwa, si mafundi wa kompyuta peke yao.

Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, inajua thamani ya rekodi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulienea hadi Ituri, na hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Bila jina, mtaa na tarehe aliyokutana na mgonjwa mara ya mwisho, timu za afya zisingejua pa kumtafuta.

Leo takwimu za afya nchini Kongo hukusanywa kwa DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kando ya mfumo huo mkubwa zipo programu ndogo za zahanati, shule na maduka. Nyingi za aina hiyo huundwa kwa vifaa vya bure kama Laravel, Django na Ruby on Rails.

Vifaa hivyo vitatu vina utaratibu unaofanana. Fundi akitaka kuongeza safu au jedwali, huandika faili ya badiliko. Faili hiyo huwa na njia ya kwenda, inayofanya badiliko, na njia ya kurudi, inayolitengua. Programu nayo huweka orodha ya faili zilizokwisha kutekelezwa.

Chukua mfano wa zahanati inayotumia Laravel. Jumatatu fundi anaendesha faili tatu kwa amri moja. Ya kwanza inaongeza safu ya namba ya simu, ya pili inaunda jedwali la chanjo, na ya tatu inalazimisha uzito wa mtoto kujazwa kabla ya rekodi kuhifadhiwa. Ijumaa wauguzi wanalalamika: mtoto ambaye hajapimwa hawezi kuandikishwa. Tatizo liko katika faili ya tatu tu.

Hapa ndipo penye mtego. Laravel huhesabu faili zilizoendeshwa pamoja kuwa kundi moja, na amri ya kawaida, php artisan migrate:rollback, hutengua kundi zima. Uzito hautakuwa wa lazima tena, lakini namba za simu na rekodi za chanjo za siku nne zitaondoka pamoja nao. Amri sahihi ni ileile ikiongezewa --step=1, ambayo hurudi hatua moja tu. Ikiongezewa pia --pretend, huonyesha kitakachofanyika bila kukifanya.

Ruby on Rails inaruhusu kuchagua faili yoyote kwa namba yake, hata ikiwa katikati ya orodha, kwa amri ya db:migrate:down. Uhuru huo una hatari yake, kwa sababu faili zilizofuata huenda zinategemea hiyo inayoondolewa. Django haina njia hiyo. Fundi akiiambia irudi kwenye faili namba 7, itatengua ya 8, ya 9 na zote zilizofuata katika sehemu hiyo ya programu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba njia ya kurudi hurudisha muundo tu, hairudishi yaliyomo. Faili iliyofuta safu ikitenguliwa, safu itarudi ikiwa tupu. Faili iliyoongeza safu ikitenguliwa, kila kilichoandikwa humo kitafutika. Rails na Django zikikataa kutengua badiliko na kusema halirudishiki, fundi asitafute njia ya kuzilazimisha. Kwanza ajue ni data gani itapotea.

Aina ya hifadhidata nayo ina uzito, hasa pale umeme unapoweza kukatika wakati wowote. PostgreSQL inaweza kufanya karibu mabadiliko yote ya muundo kama tendo moja: kazi ikikatika katikati, kila kitu hurudi kilipokuwa. MySQL hukamilisha kila amri ya muundo peke yake. Faili yenye amri tano inaweza kukwama baada ya ya pili, na fundi akabaki na hifadhidata iliyobadilika nusu.

Kwa hiyo utaratibu salama huanza kabla ya amri yenyewe. Fundi aangalie orodha ya faili zilizotekelezwa. Achukue nakala kamili ya hifadhidata, aiweke nje ya kompyuta hiyo, kisha aifungue mahali pengine kuhakikisha inafanya kazi. Ajaribu kutengua kwenye nakala hiyo kwanza. Ikiwa kuna safu itakayoondoka, yaliyomo yahifadhiwe pembeni. Programu nayo irekebishwe iache kutumia safu hiyo kabla haijaondolewa, la sivyo itaitafuta isiione na kusimama.

Na kama kosa lingekuwa katika faili ya kwanza, ile ya namba za simu? Hapo kurudi nyuma si njia nzuri. Badiliko likishatumiwa na watu, ni salama zaidi kuandika faili mpya inayorekebisha kosa kwa kwenda mbele. Historia inabaki ilivyo, na anayetumia nakala nyingine ya programu atapokea rekebisho hilo kama badiliko lolote lingine.

DHIS2 yenyewe inafundisha tahadhari hiyo. Mwongozo wake unasema mfumo ukishapandishwa kwenda toleo jipya, hauwezi kushushwa kurudi la zamani. Anayetaka kurudi hana budi kurejesha nakala aliyochukua kabla, na chochote kilichoingizwa baada ya nakala hiyo hakitakuwamo. Kwa zahanati, hao ni wagonjwa wote walioandikishwa tangu saa nakala ilipochukuliwa. Ndiyo sababu nakala huchukuliwa dakika chache kabla ya kazi, wauguzi wakiwa wamekwisha kuombwa kusimamisha uandikishaji kwa muda.