Tiba Shufaa (3): Daktari Hufundwa Wodini

Wiki iliyopita tulizungumzia maumivu ya saratani na kwa nini wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Leo tumgeukie anayewapokea. Daktari wa kwetu Afrika Mashariki husoma chuo kikuu miaka mitano au sita, kisha huwa mtarajali, akizungushwa idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Kote huko huzoezwa kuuliza swali moja, mgonjwa atapona au hatapona. Yule asiyetarajiwa kupona, kitanda chake hupitwa upesi kwenye mzunguko wa asubuhi, na katika faili huandikwa "aendelee na dawa zilezile."

Dk. Cicely Saunders aliliona hilo Uingereza tangu akiwa muuguzi. Baadaye akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari ukubwani, na mwaka 1967 akafungua Hospisi ya St Christopher's, London, ya kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo. Lakini kwa mada yetu ya leo, aliyefungua mlango ni Balfour Mount, daktari wa upasuaji wa Kanada. Alikwenda London kujifunza, akarudi, na mwaka 1975 akaanzisha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ndani ya Hospitali ya Royal Victoria mjini Montreal. Hospisi ya pembeni mwanafunzi hana budi kuifuata iliko. Huduma ikiwa ndani ya hospitali ya kufundishia, atakutana nayo tu, apende asipende.

Kwetu, mfano wa kutazama ni Kampala. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mapema kabisa akaanza kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere kikapata kitengo chake cha tiba shufaa ndani ya Hospitali ya Mulago. Timu huitwa na wodi yenye mgonjwa, huja na wanafunzi wake, na wauguzi wa wodi hiyohiyo wakafundishwa kuwa kiungo kati ya kitengo na vitanda.

Mtarajali hujifunza nini hapo ambacho hakimo kitabuni? Tuchukue mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, maana ndiyo inayojaza wodi zetu. Kijana anaamkia, anavuta kiti, anauliza maumivu yako wapi na yanazidi lini, kisha anamwomba mama aonyeshe ukali wake kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi ni hakuna, vitano ni yasiyovumilika. Mama anaonyesha vitano. Kijana anaandika mofini ya maji, miligramu 5 kila baada ya saa nne, ya usiku maradufu ili mgonjwa asiamshwe, na pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo na hali hiyo haiishi yenyewe kama kichefuchefu cha siku za mwanzo. Hadi hapo hata aliyekariri kitabu angefaulu.

Kazi inaanza atakaporudi. Kesho yake mama amelala vizuri na vidole vimeshuka kuwa viwili. Baada ya siku kadhaa anasinzia kupita kiasi, misuli inashtukashtuka. Mtarajali mwoga ataifuta mofini na kutangaza kwamba ndiyo iliyokuwa ikimuua. Aliye na mwalimu kando yake ataulizwa: mkojo unatoka kiasi gani? Saratani hii hukua ikabana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, figo zikalegea, na mabaki ya mofini yanayopaswa kutoka na mkojo yakarundikana mwilini. Basi dozi inapunguzwa, muda kati ya dozi unarefushwa, maumivu hayarudi. Kijana aliyeliona hilo mara moja hatalisahau. Na harufu ya kidonda, ile inayowafanya hata ndugu wakae mbali? Vidonge vya metronidazole vinasagwa na kunyunyizwa kidondani. Ni jambo dogo, ila heshima ya mtu imerudi.

Kisha yapo maneno. Mtoto mkubwa wa kiume anamvuta daktari kando ya korido: "Daktari, tafadhali, mama asiambiwe." Chuoni kijana alifundishwa kwamba siri ni ya mgonjwa. Hakufundishwa namna ya kumjibu mtu mzima anayelia. Wodini anamwona mwalimu wake akimsikiliza kwanza, halafu akirudi kitandani na kuuliza tu: "Mama, mpaka sasa umeelezwaje kuhusu ugonjwa huu?" Mara nyingi mama ameshajua. Anachosubiri ni mtu wa kuzungumza naye bila kukimbia.

Mwalimu huyo, mara nyingi, ni muuguzi. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, na wapo wanaoijua kuliko daktari bingwa yeyote. Kwa baadhi ya vijana wetu hili ni dawa chungu. Wainywe. Tena wafuatane naye majumbani, waone ni nani hasa anayepima dawa ile, bibi asiyeona vizuri au mjukuu wa darasa la tano, na chupa inawekwa wapi.

Marekani iliitambua fani hii kuwa ubingwa mwaka 2006, na anayeutaka husoma mwaka mzima zaidi. Ni vizuri, lakini mabingwa wachache wa mjini hawatamfikia mgonjwa wa Muheza wala wa Gulu. Azimio la Baraza la Afya Duniani la 2014 lilitaka elimu hii iingie kwenye mafunzo ya msingi ya madaktari na wauguzi wote. Kwa maoni yangu semina ya siku mbili hotelini, yenye chai, posho na cheti, haitoshi. Mzunguko wa tiba shufaa uwe wa lazima, wa wiki kadhaa, na uwe na mtihani kando ya kitanda, kwani wanafunzi husoma kinachotahiniwa.

Wapo wanaosema hayo ni kumfundisha daktari kukata tamaa. Lakini huko Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu. Waliopata tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida waliishi vizuri zaidi, na kwa wastani waliishi muda mrefu zaidi kwa karibu miezi mitatu.

Tatizo gumu liko kwingine. Kijana amefuzu, amepangiwa hospitali ya wilaya, ameandika mofini, na dirishani mfamasia anamwambia haipo. Jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini hupata tani 0.1 tu. Namna dawa hiyo inavyoagizwa, na nani anashika ufunguo wa kabati lake, ndiyo mada ya wiki ijayo.